Evening Primrose (1966): maswali yanayoulizwa sana kuhusu mchezo wa TV wa binti aliyekulia dukani

Kila nikiutaja huu mchezo naulizwa maswali yaleyale, kwahiyo nimeona niyaweke sehemu moja tumalizane. Kuna majibu nitayarefusha kwa sababu ni mambo ninayoyapenda sana, mnivumilie. Mwisho wa hadithi nimeutenga karibu na chini kabisa, kama hujauangalia bado usifike huko.

Evening Primrose ni kitu gani hasa?

Ni mchezo wa TV wa Marekani wenye nyimbo ndani yake, wa saa moja ukihesabu na matangazo, ukiyatoa unabaki na kama dakika 50 hivi. Ulirushwa tarehe 16 Novemba 1966 na kituo cha ABC, kwenye mfululizo wao ulioitwa ABC Stage 67. Huo mfululizo kila wiki ulikuwa unaleta kitu tofauti, leo mchezo wa kuigiza, wiki ijayo habari za kweli, wiki nyingine muziki, na wenyewe haukufika mbali, ulidumu msimu mmoja tu ukafungwa.

Kinachofanya watu wauone wa ajabu ni kwamba haukutoka jukwaani wala kwenye sinema, uliandikwa kwa ajili ya TV tangu mwanzo, ukapita hewani, halafu ukapotea machoni pa watu kwa miaka zaidi ya 40. Na siku unarushwa huku Tanzania Bara hata TV hatukuwa nayo, sisi tumekuja kuwa na vituo miaka ya 90.

Unahusu nini? (bila kunimwagia mwisho)

Kuna kijana anaitwa Charles Snell, mshairi, amechoka na dunia, amechoka na kodi ya nyumba na kelele za watu, anaamua kuhamia dukani. Sio kufanya kazi dukani, namaanisha kuishi. Lile duka ni la ghorofa nyingi lenye kila kitu, vitanda, nguo, vyakula, piano, karatasi za kuandikia, sasa yeye kapiga hesabu kwamba mchana atajificha, usiku wakishafunga milango duka zima lake.

Usiku wa kwanza tu anagundua hayuko peke yake. Mle ndani kuna watu wanaishi, wengine wazee kabisa, wamekaa miaka na miaka, wana taratibu zao na heshima zao, na kiongozi wao ni bibi mmoja anaitwa Mrs. Monday. Mlinzi akipita na tochi wanasimama tuli kama ile midoli ya kuvalisha nguo, akishapita wanaendelea na maisha. Na wana kitu wanachokitumia kulinda siri yao, wanakiita Watu wa Giza, hao nawaelezea huko mbele.

Halafu kuna Ella Harkins. Ella ana miaka 19 na ni mtumishi wa Mrs. Monday. Aliingia dukani na mama yake akiwa na miaka 6, akapitiwa na usingizi kwenye sehemu ya kofia za kina mama, alipoamka duka limeshafungwa, na wale watu hawajamruhusu atoke mpaka leo. Miaka 13 hajaliona jua. Charles anampenda, na hapo ndo matatizo yanaanza.

Jina lina maana gani?

Ni jina la ua linalochanua jua likizama. Ukijua hivyo umeshawaelewa wale watu wa dukani.

Nani waliutengeneza?

Nyimbo zote, muziki na maneno, ni za Stephen Sondheim, mtunzi wa Marekani wa michezo ya jukwaani yenye nyimbo. Mazungumzo yaliandikwa na James Goldman, na aliyeongoza ni Paul Bogart. Anayeigiza Charles ni Anthony Perkins, Ella ni Charmian Carr, Mrs. Monday ni Dorothy Stickney.

Watu wanashtuka wakisikia Sondheim aliandikia TV, lakini angalia alikuwa wapi kimaisha wakati ule. Maneno ya nyimbo za West Side Story (1957) na Gypsy (1959) yalikuwa yake, kwahiyo jina analo, ila yeye alitaka atambulike na kwa muziki wake pia. Mwaka 1964 mchezo wake wa Anyone Can Whistle ulionyeshwa Broadway, kwenye yale maukumbi makubwa ya michezo ya New York, mara 9 tu ukafungwa. Mara 9! Yeye na Goldman walikuwa tayari wanahangaika na mchezo mwingine mkubwa ambao ulikuja kutoka mwaka 1971 kwa jina la Follies, sasa katikati ya hiyo safari ndefu ndo ikaja hii kazi ya TV. Kwangu mimi hapa ndo unamsikia kwa mara ya kwanza yule Sondheim ambaye dunia ilikuja kumjua kuanzia 1970, yule anayeandika wimbo ambao ukiuondoa kwenye mdomo wa mhusika wake unapoteza nusu ya maana.

Perkins ni yule wa filamu ya kutisha ya Psycho? Kumbe anaimba?

Ndio, ndo yuleyule wa 1960, na kuimba alikuwa anaimba, alisharekodi albamu miaka ya 50 na mwaka 1960 hiyohiyo alikuwa Broadway kwenye mchezo wa nyimbo wa Greenwillow. Sauti yake sio kubwa ila ina wasiwasi fulani ndani unaomfaa Charles kabisa, mtu anayejisifia kwamba yuko huru huku anageuka nyuma kila dakika. Na yeye na Sondheim walikuwa marafiki, baadaye waliandika pamoja filamu ya The Last of Sheila ya 1973.

Na huyo Charmian Carr nimemuona wapi?

The Sound of Music, 1965, yule binti mkubwa wa Kapteni, Liesl. Kama shule yenu walikuwa wanawawekea filamu siku za mwisho wa muhula, basi unamjua. Baada ya Evening Primrose aliacha mambo ya uigizaji akaenda kuishi California akifanya kazi ya kupamba nyumba za watu. Alifariki Septemba 2016. Mimi kila nikimuona kwenye huu mchezo naumia kidogo kwamba hakuendelea, maana pale kwenye wimbo wa I Remember hafanyi kitu chochote kikubwa, hapigi kelele, mikono imetulia, anaangalia tu mbali kama mtu anayejaribu kukumbuka ameuweka wapi ufunguo, na wewe uliyekaa kwenye kochi koo linakubana.

Lile duka ni la kweli au ni seti?

La kweli. Lilikuwa linaitwa Stern Brothers, lilikuwa mtaa wa 42 Manhattan, New York, na walikuwa wanapiga picha Jumapili kwa sababu siku hiyo duka linafungwa. Ndo maana ukiangalia ile sakafu, zile ngazi za umeme zilizozimwa, na zile kaunta zimefunikwa vitambaa, unaona kabisa huu sio ujanja wa fundi seremala. Duka lililolala lina upweke wake, yeyote aliyewahi kubaki Kariakoo mpaka wanashusha mageti anajua ninachosema.

Lile duka la mtaa wa 42 lilifungwa 1969 na jengo likabomolewa, leo pale kuna ghorofa la ofisi linaitwa W. R. Grace, lile lenye ukuta uliojikunja kama slaidi ya watoto.

Mbona unaonekana mweusi na mweupe? Si 1966 walishaanza rangi?

Walishaanza, na huu mchezo ulirushwa kwa rangi. Kilichopotea ni mkanda halisi wa rangi. Zilizobaki ni nakala za filamu nyeusi na nyeupe. Zamani vituo vilikuwa vinatengeneza nakala za aina hiyo kwa ajili ya kumbukumbu na kutuma sehemu nyingine, na mikanda ya video ilikuwa ghali, wengi walikuwa wanafuta na kurekodia kitu kingine juu yake. Kwahiyo kwa miaka mingi mashabiki walikuwa wanapeana nakala ya nakala, picha ina chenga na sauti kama iko ndani ya debe, au unaenda New York kwenye jumba la makumbusho ya TV na redio unaomba wakuwekee.

Mwaka 2010 ndo ikatoka DVD rasmi, imetengenezwa kutoka filamu ya milimita 16 iliyotunzwa vizuri. Bado ni nyeusi na nyeupe. Kuna watu wanalalamika, mimi hapana, mimi naona imeusaidia, maana kwenye nyeusi na nyeupe huwezi kutofautisha haraka nani mtu na nani mdoli, na hilo ndo jambo lenyewe.

Nyimbo ziko ngapi?

Nne tu. Watu wanategemea kama kumi hivi. Ni If You Can Find Me, I'm Here ambayo Charles anaimba usiku wa kwanza akiwaaga kwa dharau wote aliowaacha nje, halafu I Remember ya Ella, halafu When? ambayo wawili hao wanaimbiana kwa mawazo tu, midomo imefungwa, huku wazee wapo hapohapo wanacheza karata na hawatakiwi kushtuka, na mwisho Take Me to the World ambapo Ella anaomba apelekwe nje, duniani.

Hiyo ya karata ina akili sana. Wapendanao waliozungukwa na wakubwa sebuleni, hawawezi hata kuangaliana, na muziki ndo unabeba yote.

Kwanini kila mtu anaongelea I Remember?

Haya, hapa nitarefusha.

Ella anajaribu kumwelezea Charles vitu alivyoviona kabla ya miaka 6. Mbingu, theluji, miti. Sasa msikilize anavilinganisha na nini. Mbingu anailinganisha na wino. Theluji anailinganisha na manyoya ya mto, na pini, na vile vinyuzi vinavyodondoka kwenye nguo. Miti isiyo na majani anailinganisha na stendi ya kutundikia makoti na miavuli iliyovunjika. Umeona? Vyote ni vitu vya dukani. Huyu mtoto ameisahau dunia kiasi kwamba kipimo alichobaki nacho ni bidhaa. Hasemi popote kwamba amefungiwa, hasemi nimeonewa, ila kila mfano anaoutoa unakuonyesha ukuta uko wapi. Na kadiri wimbo unavyoenda unaanza kuogopa kwamba hata hivyo vichache vinafutika, kwamba amebakiza kujaribu kukumbuka tu.

Sasa nisemeje, watu wengi huu mchezo wanauelezea kama hadithi ya mshairi aliyekimbia dunia. Mimi naona ni hadithi ya hausigeli. Toa uchawi wote, toa midoli, unabaki na nini? Mtoto wa miaka 6 kaingia kwenye nyumba ya watu wazima, wamemfanya mtumishi, hawamlipi, hawamtoi nje, na wanamwambia huko nje kubaya hapa una bahati. Na wale wazee ni wastaarabu, wana adabu za mezani, wanaongea taratibu. Kuna mtu hajawahi kuiona hiyo nyumba?

Mtaa niliokulia kulikuwa na nyumba yenye geti jeusi refu na kulikuwa na dada wa kazi mle, mdogo kuliko mimi, alikuja akiwa kadogo kabisa kutoka mkoani. Tulikuwa tunamjua kwa mikono, maana asubuhi mikono yake inatokea juu ya geti inampa kijana wa taka mfuko. Siku nyingine tukipita tunatoka shule anatuuliza kutokea ndani, leo sokoni kukoje, basi tunasimama tunamsimulia, machungwa yameshuka bei, kuna mtu ameanguka na baiskeli, hivyo tu, na yeye anacheka kule ndani. Miaka mingi baadaye nikaja kuusikia huu wimbo kwenye simu nikiwa kwenye daladala, nikashuka kituo ambacho sio changu.

Hao Watu wa Giza ni nani? Ni mashetani?

Hawaelezwi sana na nadhani ni kusudi. Kazi yao ni moja, mtu wa dukani akitaka kutoka, au mtu wa nje akigundua siri, wanaitwa wanakuja usiku na huyo mtu anageuzwa kuwa mdoli wa kuvalisha nguo. Msomaji wa Kiswahili hapa hahitaji maelezo marefu, ni msukule. Mwili upo, umesimama mbele ya watu, unavalishwa na kuvuliwa, mwenyewe hayupo. Tofauti ni kwamba msukule wa kwetu anafichwa nyuma ya nyumba akalime usiku, huyu wao anawekwa kwenye kioo cha mbele kabisa watu wampite na mifuko yao.

Kuna hadithi ya kitabu nyuma yake?

Ipo, hadithi fupi ya John Collier, Mwingereza aliyehamia Marekani akaandika pia filamu Hollywood, ni ya mwanzoni mwa miaka ya 40 na ina jina hilohilo. Duka kule linaitwa Bracey's na imeandikwa kama shajara ya Charles iliyokutwa kwenye daftari lililonunuliwa dukani humohumo, wazo tamu sana.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Kwenye hadithi ya Collier Ella hampendi Charles. Anampenda mlinzi wa usiku! Na Charles kwa uchungu wa kukataliwa anakwenda kumwambia mwenzake, siri inafika kwa wakubwa, ndo Ella anatafutwa na Watu wa Giza. Yaani mshairi wetu ndo msaliti, halafu anashtuka alichokifanya anakimbilia kwa mlinzi waende kumuokoa. Goldman na Sondheim wakabadilisha, wakawapa wawili hao mapenzi ya kweli. Mimi naipenda ya Collier kwa ukatili wake, ila bila hayo mabadiliko tusingeipata Take Me to the World, kwahiyo sina ugomvi.

Naweza kuangalia na watoto?

Damu hakuna, matusi hakuna. Ila mwisho unaweza kumfanya mtoto mdogo aogope kupita kwenye maduka ya nguo, nakwambia kabisa. Kuanzia darasa la saba hivi nadhani sawa, na mtakuwa na mengi ya kuongea.

Mwisho unaishaje? (ACHA HAPA kama hujaangalia)

Ella anamshawishi Charles kwamba dunia, pamoja na ubaya wake wote, ni bora kuliko usalama wa dukani. Kumbuka Charles ndo aliyekimbia dunia, na sasa anaombwa arudi na mtu ambaye haijui. Anakubali. Wanapanga kutoka, siri inavuja, Watu wa Giza wanaitwa.

Asubuhi duka linafunguliwa. Nje kwenye kioo kuna onyesho jipya la harusi, bibi harusi na bwana harusi wamesimama wamependeza. Ni wao. Wapita njia wanasimama wanaangalia nguo.

Naulizwa sana kama kuna matumaini yoyote pale. Mimi siyaoni. Kuna wanaosema angalau wako pamoja, na mtu akiniambia hivyo huwa namuuliza kitu kimoja, Ella ameangalia wapi pale kiooni? Ameangalia nje. Mbingu iko juu ya barabara palepale mbele yake.

Naupata wapi, au angalau nyimbo zake?

DVD ya 2010 ndo njia ya uhakika ya kuona mchezo wenyewe. Kwa nyimbo, mwimbaji Mandy Patinkin alizirekodi zote nne kwenye albamu yake ya Dress Casual (1990) pamoja na Bernadette Peters, na mwaka 2001 kampuni ya muziki ya Nonesuch walitoa rekodi nyingine, Neil Patrick Harris ni Charles na Theresa McCarthy ni Ella, kwenye sidii moja na mchezo mwingine wa Sondheim unaitwa The Frogs. Kwa sauti safi anza na hiyo ya 2001.

Kwanini watu walianza kuutaja tena mwaka 2020?

Aprili 2020 Sondheim alikuwa ametimiza miaka 90 na waimbaji wa Broadway walitaka kumfanyia sherehe, lakini ndo corona imefunga kila kitu, maukumbi yote giza. Wakaimba kila mtu akiwa kwake, ikarushwa mtandaoni tarehe 26 Aprili, na tamasha zima wakalipa jina la huo wimbo wa Ella, Take Me to the World. Raúl Esparza ndo aliuimba. Fikiria, wimbo wa 1966 wa TV ambao ulikuwa umepotea, na sasa dunia nzima iko ndani, milango imefungwa, watu wanaangalia mbingu kupitia dirishani. Sondheim alifariki mwaka uliofuata, 26 Novemba 2021.

Sina dakika 50. Nisikilize wimbo gani mmoja?

I Remember, ule wa Charmian Carr mwenyewe, sio wa mtu mwingine. Usikilize kwanza ukiwa ndani mlango umefungwa. Halafu toka nje uusikilize tena.